Pilipili, Mnyororo na Mtoto wa Mbwa

Daktari wa mifugo anayetibu mbwa Dar es Salaam au Nairobi ameulizwa swali hili mara nyingi hadi anaweza kulimalizia mwenyewe: "Daktari, huyu nimemfungia bandani tangu nimlete, sasa ana miezi minne. Mbona hawi mkali?" Chini ya meza amejibanza German Shepherd, mkia kaufyata, macho mlangoni. Ana kilo zaidi ya 15 na anaogopa ndoo ya kudekia.

Kabla swali hilo halijajibiwa, la pili limeshatoka. Mbwa huyohuyo hubweka kutwa nzima, amefukua chini ya geti, ametafuna bomba la tenki la maji, na jirani ameshafika kwa mjumbe kulalamika. Je, hakuna sindano ya kumtuliza? Yaani mwenye mbwa anataka mnyama mkali, na papo hapo anataka mnyama mtulivu, na kazi zote mbili amelikabidhi kufuli.

Siku ya mbwa wa namna hii haihitaji uchunguzi mrefu. Bwana wake anaishi Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, kazi yake iko Posta, katikati ya jiji. Huondoka saa 11 alfajiri kuikimbia foleni, hurudi saa 1 usiku akiwa hoi. Hizo ni saa 14. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 hubana mkojo kwa saa 3 au 4 hivi anapokuwa macho, na bado anahitaji kula mara 3 kwa siku. Amewekewa ugali na dagaa alfajiri. Kufikia saa 4 asubuhi chakula ni cha inzi. Juu yake kuna bati, chini saruji, na banda lina mita mbili. Mbegu hii ya German Shepherd ilikuzwa Ujerumani, ambako nahodha wa jeshi Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha wafugaji wake mwaka 1899, alitaka mbwa wa kuzunguka kundi la kondoo kutwa nzima, awe kama ua unaotembea. Kufukua geti, kutafuna bomba na kubweka ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa mnyama aliyezaliwa na kazi mwilini.

Lakini mwenye mbwa hayuko tayari kusikia habari za kazi. Ana imani yake, aliipata kwa aliyemuuzia mbwa, au kwa mlinzi wa jirani, au kwa mjomba: mbwa afungiwe mchana asizoee watu, usiku akifunguliwa atamrarua yeyote atakayeruka ukuta. Imani hii imeenea kuanzia Tanga hadi Kisumu, na kinachoudhi ni kwamba ina chembe ya ukweli inayoipa uhai. Mbwa aliyefungiwa hubweka sana kweli. Huonyesha meno kweli. Huuma pia. Tatizo ni nani anayeumwa, na kwa nini.

Jambo hili lilishapimwa zamani, hata kabla Tanganyika haijapata bendera yake. Katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine nchini Marekani, watafiti Freedman, King na Elliot waliwakuza watoto wa mbwa kwenye uwanja uliozungushiwa uzio mrefu, bila kuguswa na watu. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 1961. Baadhi ya watoto hao wa mbwa walitolewa kwa wiki moja tu, wengine wakiwa na umri wa wiki 3, wengine 5, 7 au 9, wakachezewa na watu kila siku, kisha wakarudishwa uwanjani. Kundi moja halikutolewa kabisa hadi wiki ya 14. Waliopata wiki yao moja ya kuchezewa mapema walizoea watu. Wale wa wiki 14 walikuwa kama wanyama wa porini: walikimbia, walijificha, hawakushikika. Mmoja wao alibembelezwa miezi 3 na bado alibadilika kidogo sana.

Hao walikuwa mbwa wadogo wapole, wa jamii za cocker spaniel na beagle. Hakuna aliyegeuka mlinzi. Waligeuka waoga.

Ndicho kinachotokea bandani. Dirisha la mtoto wa mbwa kuuzoea ulimwengu hufunguka akiwa na wiki 3 hivi na huanza kujifunga kati ya wiki ya 12 na ya 14. Mwenye mbwa humchukua akiwa na wiki 8, humfungia mwezi na nusu ili "asizoee watu", na kwa uaminifu mkubwa hutumia wiki zilezile ambazo hazitarudi. Akifika kwa daktari mbwa ana miezi minne, na swali ni mbona hawi mkali.

Mbwa mwoga huuma, na huuma vibaya, lakini humuuma aliye karibu na asiye na silaha: mtoto aliyefuata mpira, muuza mboga, fundi bomba, msoma mita, shangazi aliyetoka Moshi jana. Mwizi ana nondo, ana tochi, anatembea kwa kujiamini, na mara nyingi ana mnofu mfukoni. Akimkuta mbwa wa namna hii, mbwa hurudi nyuma ya tenki na kubwekea huko. Asubuhi mwenye nyumba husema mbwa amerogwa.

Mnyororo huzidisha. Mnyama anayeogopa ana njia mbili, kukimbia au kupigana, na mnyororo humwondolea ya kwanza. Huko Denver, Marekani, watafiti waliwalinganisha mbwa waliouma watu na mbwa wengine wa mitaa hiyohiyo ambao hawajawahi kuuma. Utafiti ukachapishwa mwaka 1994. Uwezekano wa kufungwa mnyororo uani ulikuwa karibu mara 3 zaidi kwa waliouma. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mnyororo ndio uliowafanya waume, maana huenda wengine walifungwa kwa sababu tayari walikuwa wasumbufu. Ila hakuna namna ya kuusoma ukatoka na ushahidi kwamba mnyororo hutoa mbwa wa kuaminika.

Hapa ndipo babu huingizwa kwenye mazungumzo. Mbwa wa babu kule kijijini alifungwa, na alikuwa simba. Sawa. Ila mbwa wa babu alizaliwa uani, akakulia miguuni mwa watoto, akaenda shambani na machungani, akawajua wa nyumbani kwa harufu na kwa hatua. Alifungwa walipokuja wageni, au mchana baada ya mizunguko yake. Alijua cha kulinda kwa sababu aliishi ndani yake. Aliyelelewa bandani Bunju hajui nyumba ni nini, anajua banda.

Anayetaka kuona mbwa wa kazi anavyotengenezwa asiende mbali. Kwa miaka kadhaa mbwa wa kunusa pembe za ndovu wamekuwa wakifundishwa karibu na Arusha kisha kupelekwa kazini katika viwanja vya ndege vya Dar es Salaam na Nairobi na bandari ya Mombasa. Hukatiza katikati ya mizigo, umati na kelele bila kumgusa mtu, na wakigundua pembe hulipwa mpira wa kuchezea. Mpira! Hata panya wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, hufundishwa kwa tonge la ndizi, si kwa njaa ya adhabu. Ni ajabu kwamba panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine hulelewa kwa akili zaidi kuliko mbwa aliyenunuliwa kwa mshahara wa mwezi.

Kisha kuna pilipili. Pilipili kichaa, inayosagwa na kuchanganywa kwenye ugali ili "damu ichemke". Haichemki. Kiini cha ukali wa pilipili hushika mishipa ileile ya fahamu inayotambua maumivu ya moto, kwa mbwa kama kwa mtu. Mbwa hutoa mate, hutapika, huharisha, na akiwa mdogo kuharisha humkausha maji haraka kuliko mwenye mbwa anavyodhani. Halafu hujifunza jambo moja tu la kudumu: bakuli linalotoka mkononi mwa bwana wake linauma. Siku atakapomng'ata mkono huohuo, ataambiwa sasa amekuwa mkali.

Bangi ni hadithi nyingine ya kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Mbwa aliyelishwa bangi huyumba, hushtukia kivuli chake na hujikojolea amesimama. Ulinzi gani huo? Nyama mbichi haimfanyi mbwa muuaji, damu ya kuku haimfanyi chui. Na upande wa pili, vidonge vya mafua anavyosagiwa "alale mchana" si malezi; vile vilivyochanganywa na paracetamol vinaweza kumuua.

Wapo walioachana na mnyororo wakaingia kwenye kosa lingine: alfajiri humkimbiza mtoto wa mbwa nyuma ya bodaboda kilomita 5 ili achoke alale. Rottweiler au Boerboel wa miezi 5 ana mwili mkubwa na mifupa ya mtoto. Sehemu za ukuaji kwenye mifupa ya jamii kubwa hufunga kati ya miezi 12 na 18, na kabla ya hapo lami, mbio za kulazimishwa na kuruka kutoka kwenye pikapu huacha kilema. Watafiti wa Norway mwaka 2012 walionyesha kwamba watoto wa jamii kubwa waliopanda ngazi kabla ya miezi 3 walikuwa hatarini zaidi kupata ugonjwa wa nyonga, na waliocheza huru kwenye ardhi laini walikuwa salama zaidi. Nyasi, basi, na mwendo wake mwenyewe.

Sasa njia zenyewe, kwa haraka, kwa sababu hazina siri. Alfajiri dakika 20 za kutembea taratibu na kunusanusa, kisha chakula. Kunusa nako humchosha. Mchana lazima afike mtu: dada wa kazi, kijana wa jirani anayelipwa, mlinzi, yeyote, hata mara mbili, nusu saa kila mara, amtoe, ampe chakula, amwone binadamu. Kama dada ni Mwislamu na hataki mate ya mbwa, asilazimishwe; atupe punje za chakula nyasini mbwa azitafute, akae pembeni, inatosha. Chakula cha mchana kisiwekwe kwenye bakuli: kipakwe ndani ya kifuu cha nazi kisichopasuka, kifichwe kwenye dumu lililokatwa matundu na kulainishwa kingo, kiviringishwe kwenye gunia kuukuu. Mifupa iliyopikwa hapana. Apewe kivuli kisicho cha bati tupu, maji sehemu mbili asije akayamwaga yote, na uwanja uliozungushiwa uzio badala ya mnyororo. Wikiendi apelekwe kwa watu: stendi, msikitini au kanisani kwa nje, sokoni pembeni, watoto wakipita, bodaboda zikinguruma, akipewa kitu kitamu kila anapotulia. Akiwa bado hajamaliza chanjo abebwe, asikanyage panapopita mbwa koko, kwa sababu Rottweiler hasa hupigwa vibaya na parvo. Kuondoka nyumbani kufundishwe kidogokidogo, dakika 5, 10, 30, bila kuaga kwa machozi. Kubweka usiku, kumjua mgeni, kusimama getini, hayo huja yenyewe anapokaribia utu uzima, kuanzia mwaka hadi miaka 2, kwa mbwa aliyejua nani wa nyumbani. Na kununua wawili "wacheze pamoja" ni kununua mashimo mawili chini ya geti.

Kama hakuna mtu wa mchana, jibu ni fupi na halipendwi: asinunuliwe mtoto wa mbwa. Achukuliwe mbwa mzima wa miaka 2 au 3 mwenye tabia inayojulikana, hata wa kienyeji, ambaye anaweza kulala mchana bila kubomoa ukuta. Wa kienyeji huvumilia joto la Dar kuliko manyoya ya Ujerumani, na mwizi haulizi mbegu.

Yule wa miezi minne chini ya meza hajapotea kabisa, lakini kumrudisha kutachukua miezi ya subira, na huenda kila mgeni akabaki tishio kwake. Kwa hiyo kabla ya lolote apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kama daktari atakavyopanga. Na akimuuma mtu, awe shangazi au mwizi, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba.