Ufungashaji wa moduli za Perl katika Debian

Ufungashaji wa moduli za Perl katika Debian ni kazi ya kuchukua moduli iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Perl na kuitengenezea kifurushi kinachoweza kusakinishwa, kusasishwa na kuondolewa kwa njia moja na programu nyingine za Debian. Debian ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Makala hii inatumia mfano wa CGI.pm, moduli ya kutengenezea tovuti.

Historia

Perl ilibuniwa na Larry Wall mwaka 1987. Tangu mwaka 1995 moduli zake hukusanywa katika hazina ya intaneti iitwayo CPAN. CGI.pm iliandikwa na Lincoln Stein, mwanabiolojia wa Marekani. Mtu akijaza fomu kwenye tovuti, moduli hii hupokea majibu yake kutoka kwa seva na kuyakabidhi kwa programu inayoyahitaji.

Kuanzia mwaka 1997 CGI.pm ilitolewa pamoja na Perl yenyewe. Iliondolewa humo katika toleo la 5.22 la mwaka 2015, kwa kuwa njia mpya za kutengeneza tovuti zilikuwa zimepatikana. Tangu hapo programu inayoitumia ni lazima itaje kifurushi chake cha pekee, libcgi-pm-perl. Isipokitaja, itakwama kwenye kompyuta ambayo haina kifurushi hicho.

Hatua za ufungashaji

Mfungashaji huanza kwa kupakua msimbo kutoka CPAN. Programu ya dh-make-perl humwandalia folda iitwayo debian, yenye mafaili haya muhimu:

• control: jina la kifurushi, maelezo yake na vifurushi vinavyotegemewa. CGI.pm, kwa mfano, hutegemea libhtml-parser-perl.
• rules: maagizo ya kujenga kifurushi.
• changelog: kumbukumbu ya mabadiliko, pamoja na namba ya toleo. Katika namba kama 4.55-1, sehemu ya kwanza ni toleo la mwandishi wa moduli, na 1 ni mara ya kwanza kwa toleo hilo kufungashwa.
• copyright: wenye haki za msimbo na leseni zao.

Kwa kawaida jina hufuata kanuni: moduli Foo::Bar huwa libfoo-bar-perl.

Wakati wa kujenga, majaribio yaliyoandikwa na mwandishi wa moduli huendeshwa. Kanuni za Debian haziruhusu kifurushi kuchota kitu kutoka intaneti wakati huo. Kila kinachohitajika kiwe tayari kimo ndani ya Debian. Kwa hiyo moduli moja inaweza kumlazimu mfungashaji kufungasha kwanza nyingine kadhaa. Baada ya kujenga, programu ya lintian hukagua makosa ya kawaida.

Kifurushi kipya kabisa hukaguliwa pia na binadamu, hasa upande wa leseni. Kisha huingia katika tawi la "unstable". Kisipoonekana na kasoro kubwa, baada ya siku chache huhamia "testing", na mwishowe huwa sehemu ya toleo imara. Vifurushi vingi vya Perl hutunzwa kwa pamoja na kundi la wajitolea, ambalo lina zaidi ya vifurushi 3,000. Mtunzaji mmoja akichoka au akiacha kazi, mwenzake huendelea.

Umuhimu kwa usalama

Msimamizi wa seva anaweza kusakinisha moduli moja kwa moja kutoka CPAN na kupata toleo jipya zaidi. Lakini hapo mzigo wa kufuatilia dosari humwangukia yeye mwenyewe.

Mwaka 2010 iligunduliwa dosari katika CGI.pm. Kwa aina fulani ya majibu, moduli ilitumia alama ileile kila mara kutenganisha sehemu za jibu. Mshambuliaji aliyeijua alama hiyo angeweza kupenyeza maneno yake katika majibu ya seva. Toleo la 3.50 liliirekebisha. Hata hivyo moduli nyingine, CGI::Simple, ilikuwa na dosari hiyohiyo, na Perl yenyewe wakati huo ilibeba nakala yake ya CGI.pm. Kurekebisha mahali pamoja hakukutosha.

Ndiyo sababu Debian huwataka wafungashaji waepuke kubeba nakala za msimbo ambao una kifurushi chake. Nakala ikiwa moja, kiraka kimoja huziponya programu zote zinazoitegemea. Katika toleo imara, kwa kawaida kiraka hutiwa katika toleo lilelile la zamani badala ya kuleta toleo jipya, ili tovuti zinazofanya kazi zisiharibike.

Matumizi

Mtumiaji husakinisha kifurushi kwa amri moja:

apt install libcgi-pm-perl

Amri hiyo huleta pia vifurushi vyote vinavyotegemewa. Ubuntu, mfumo uliotokana na Debian na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2004, huchukua vifurushi vyake vingi kutoka Debian. Hivyo kazi ya mfungashaji mmoja hufika pia kwa watumiaji wa mifumo mingine.