TAHADHARI KUHUSU DAWA ZA KUPUNGUZA UNENE KWA HARAKA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanatanabahishwa juu ya vidonge, unga na majani ya chai vinavyouzwa madukani, majumbani na kwa njia ya simu kwa madai ya kupunguza unene kwa siku chache. Aghalabu wauzaji huahidi kilo 10 kwa wiki moja, bila ya mnunuzi kupunguza chakula wala kufanya mazoezi. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kumwezesha kila mtu kuipima ahadi hiyo kabla ya kutoa fedha zake na, lililo kubwa zaidi, kabla ya kuihatarisha afya yake.

Hesabu ya kilo 10

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi nishati ipatayo kalori 7,700. Mtu mzima wa kawaida hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku kwa shughuli zake zote. Ili kumaliza kilo 10 za mafuta kwa siku 7, angelazimika kutumia kalori 77,000, yaani 11,000 kila siku, na wakati huo huo asile chochote. Jambo hilo haliwezekani kwa mtu anayeshinda ofisini. Kwa hiyo, mizani inapoonesha upungufu mkubwa kwa siku chache, sehemu kubwa ya kilichopungua ni maji, si mafuta.

Namna maji hayo yanavyotolewa inafahamika. Chai nyingi za aina hiyo hutiwa sanamaki, jani ambalo wazee wa mwambao wanalijua tangu zamani kuwa ni dawa ya kuharisha. Bidhaa nyengine hutiwa dawa za kukojosha. Mtumiaji huona uzito umeshuka, na akinywa maji ya kutosha uzito hurejea pale pale. Akiendelea kwa muda mrefu hupoteza pia madini ya potasiamu, ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa.

Yaliyofichwa ndani ya vidonge

Zipo bidhaa zenye hatari kubwa zaidi. Mwaka 1997 dawa iitwayo sibutramini iliruhusiwa nchini Marekani kwa ajili ya kupunguza hamu ya kula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watu wapatao 10,000 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, waliokuwa na maradhi ya moyo au kisukari, ulionesha kuwa waliopewa dawa hiyo walipata mshituko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Mwaka huo huo iliondolewa katika soko la Ulaya na la Marekani. Tangu hapo, wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi ndani ya vidonge vilivyoandikwa kuwa ni vya mitishamba mitupu. Anayevimeza hajui anachomeza, wala daktari wake hajui. Mwenye shindikizo la damu ndiye aliye karibu zaidi na madhara hayo, naye ndiye anayeshauriwa zaidi kupunguza uzito.

Funzo la mwaka 2011 lisisahauliwe. Katika mwaka huo maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa kwa shilingi 500 na Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakitaraji kupona kisukari, shindikizo la damu, UKIMWI na maradhi mengine. Dawa hiyo haikuthibitika kuponya. Hasara kubwa haikuwa shilingi 500 wala nauli. Iliwafika wale walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kuwa wamekwisha kupona. Hatari kama hiyo inamkabili mgonjwa wa kisukari anayeweka pembeni vidonge vyake kwa sababu ameuziwa unga wa kupunguza mwili.

Unene unavyokuja

Unene hauji kwa siku moja. Mfano unapatikana Bara, katika Mkoa wa Tanga. Kata ya Mpale, Wilaya ya Korogwe, iko milimani, ambako kwenda shamba na kurudi ni kupanda na kushuka. Mtu aliyezoea maisha hayo akihamia mjini, iwe Korogwe, Handeni au Unguja, akapata kazi ya kukaa kitini, akapanda gari kila aendako na akaendelea kula kiasi kile kile alichokula alipokuwa akilima, mwili wake huweka akiba ya kile usichokitumia. Haba na haba hujaza kibaba. Lililoingia kwa miaka kumi halitoki kwa wiki moja.

Chai yenye vijiko vidogo 3 vya sukari, ikinywewa mara 3 kwa siku, huleta kalori zipatazo 140 kutokana na sukari peke yake. Kwa siku moja hicho ni kiasi kidogo, lakini kwa mwaka ni zaidi ya kalori 50,000, bila ya kuhesabu mandazi, sambusa na soda zinazofuatana na chai hiyo ofisini.

Njia iliyothibitika

Mwaka 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliofundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini waliupunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo zisizofika 6, na dakika 150 ni nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku 5 za wiki. Mtu huyo anaweza kubakia mnene machoni pa watu, lakini tayari amejikinga.

Ni haki kueleza pia kwamba zipo dawa halali za kupunguza uzito. Hizo hutolewa na daktari baada ya uchunguzi, hufuatana na mpango wa chakula na mazoezi, na mara nyingi uzito hurejea zinapoachwa. Hakuna daktari anayeahidi kilo 10 kwa wiki.

Ushauri kwa wananchi

1. Bidhaa yoyote ya kupunguza unene iulizwe kwanza kama imesajiliwa. Kwa Zanzibar, anayehusika ni Wakala wa Chakula na Dawa. Kwa Tanzania Bara, kuhusu dawa, ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

2. Mgonjwa wa kisukari au shindikizo la damu asiache wala asipunguze dawa zake bila ya idhini ya daktari.

3. Aliyekwisha kutumia bidhaa hizo akaona moyo unakwenda mbio, kizunguzungu au kuharisha kusikokoma, aende hospitali haraka na achukue pakiti yake.

4. Anayepungua uzito bila ya kukusudia asifurahi, bali akapimwe, kwani hiyo huweza kuwa dalili ya kisukari au kifua kikuu.

5. Anayetaka kuanza mazoezi anaweza kujiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani kwake. Siku ya mazoezi ya viungo huadhimishwa Zanzibar kila tarehe 1 Januari, lakini faida yake hupatikana kwa anayeendelea tarehe 2 na siku zinazofuata.

Mnunuzi anayo haki ya kumwuliza muuzaji maswali mawili: ndani ya kidonge hiki mna nini, na nani amekikagua? Asiyeweza kuyajibu hastahili kulipwa.