Kuichora Upya Sura ya Mama kwa Rangi za Maji

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliosagwa laini na kushikamanishwa kwa gundi ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa huvunwa Sudani. Ikichanganywa na maji hutandaa juu ya karatasi kama utando mwembamba unaopitisha mwanga, na mwanga huo hugonga weupe wa karatasi kisha hurudi machoni. Kwa hiyo weupe wote wa picha ni karatasi yenyewe, na mchoraji hawezi kufunika kosa kama afanyavyo mwenzake wa rangi za mafuta, kwa kuwa kila tabaka analoongeza huzidisha giza.

Kosa dogo huweza kunyanyuliwa, yaani kulowanishwa kwa brashi safi na kufyonzwa kwa karatasi laini, lakini njia hiyo ina mipaka. Rangi za udongo hukubali kutoka, ilhali buluu ya ftalosianini hung'ang'ania nyuzi za karatasi. Isitoshe, karatasi nzuri ya pamba hutiwa jelatini ili isinywe maji haraka, na ikisuguliwa mno kinga hiyo huondoka, nyuzi husimama, na rangi mpya husambaa ovyo kama wino kwenye kitambaa. Shavu la mama lililosuguliwa mara tatu halirudi tena kuwa shavu. Lililobaki ni kuanza upya kwenye karatasi nyingine, picha ya kwanza ikiwa mwalimu.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika mazoea, kwa sababu uso unaoonwa kila siku huchorwa kama moyo unavyoukumbuka, si kama ulivyo. Wachoraji hugeuza picha ya kamera na mchoro wao juu chini, ili jicho lisahau kwamba linamtazama mama na lianze kupima nafasi, mathalani ile iliyo kati ya macho mawili, ambayo kwa kawaida hukaribia upana wa jicho moja. Ngozi ya kahawia hupatikana kwa kuchanganya sienna iliyochomwa, yaani udongo wenye chuma uliogeuzwa mwekundu kwa moto, na buluu ya altramarini, huku nukta ya mng'ao ndani ya mboni ikiachwa karatasi tupu tangu mwanzo.

Uteuzi wa rangi nao huamua umri wa picha. Mwaka 1888, wanasayansi Russell na Abney walionyesha nchini Uingereza kwamba rangi nyingi za maji hufifia zikipigwa na mwanga penye hewa na unyevu. Nyekundu ya alizarini, inayopendwa kwa midomo, ni miongoni mwa zinazopauka, hivyo nyekundu ya kwinakridoni, isiyopauka upesi, hufaa zaidi. Picha ya kwanza nayo haistahili kutupwa: ikiandikwa tarehe nyuma kwa penseli na kuhifadhiwa gizani, hubaki shahidi wa namna mtoto alivyomwona mama yake kabla hajajifunza kumtazama.