Dagaa wa Musoma na thamani ya kusubiri

Mkazi wa Kigera, katika Manispaa ya Musoma, anaishi kwenye mji uliojengwa juu ya rasi, maji ya Ziwa Victoria yakiwa karibu kila upande. Akidamka mapema na kupanda bodaboda atafika mwaloni mitumbwi ikiwa bado inapakua, wanawake wakipokea ndoo za dagaa na mawakala wakipatana bei na matajiri wa vyombo. Siku chache baadaye sehemu ya mzigo huo itakuwa soko la Kirumba Mwanza, nyingine Sirari mpakani, nyingine ndani ya lori linaloelekea mashariki mwa Kongo. Watu, magari, maghala, vibali, fedha na simu zinazoufikisha mzigo huko ndivyo vinavyofanya mnyororo wa ugavi. Mnyororo wa Mkoa wa Mara una mahali pamoja palipolegea kuliko pote, napo ni ufukweni, katika saa za kwanza baada ya samaki kutoka majini. Hapo ndipo mkoa unapopoteza fedha nyingi, na hapo ndipo panapopewa fungu dogo.

Ziwa moja linalisha minyororo miwili isiyofanana. Wa kwanza ni wa sangara. Huyu anataka barafu tangu ndani ya mtumbwi, kisha gari lenye ubaridi, kiwanda cha minofu, na ndege au kontena la baridi. Minofu huenda Ulaya na kwingineko, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, husafiri hadi China, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, huliwa na watu wa hapa hapa. Wa pili ni wa dagaa, ambaye hahitaji umeme wala ndege. Anahitaji jua, mahali safi pa kuanikia, gunia na Fuso.

Mwaka 1997 Marshall Fisher, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alieleza kwamba bidhaa ya kila siku, ambayo mahitaji yake yanajulikana, inafaa mnyororo wa gharama nafuu, na bidhaa ambayo mahitaji yake hayatabiriki inafaa mnyororo mwepesi wa kuitikia soko. Wazo hilo limefundishwa sana, na lina mashiko. Lakini Fisher alitazama zaidi upande wa mnunuzi. Ziwani shaka kubwa iko upande wa mvuvi. Mlaji wa dagaa yupo mwaka mzima. Kisichojulikana ni kama usiku huu utakuwa na samaki na kama kesho kutakuwa na jua.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, taa hazivuti samaki vizuri na mitumbwi mingi hupumzika. Giza likirudi, wote huingia majini pamoja na kurudi pamoja, kwa hiyo mzigo humiminika ufukweni asubuhi moja na bei huanguka. Jua likiwa kali, dagaa hukauka ndani ya siku moja au mbili. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wingu linaweza kukaa siku nzima na dagaa wakaanza kuoza wakiwa wametandazwa. Aliyekuwa na chakula cha binadamu anabaki na chakula cha kuku, na wakati mwingine anabaki na mzigo wa kumwaga.

Vitabu vya ununuzi na ugavi hutaja mambo sita yanayouinua au kuuangusha mnyororo: miundombinu ya kuhifadhia na kuchakata, akiba ya bidhaa, usafirishaji, taarifa, uchaguzi wa wasambazaji, na bei. Kwa mzigo wa dagaa Musoma mambo hayo hayana uzito sawa. Mawili ya kwanza ndiyo yanayoyabeba mengine. Mwenye dagaa wabichi hawezi kusema atauza wiki ijayo. Mwenye dagaa wakavu, walio safi na wamefungwa vizuri ghalani, anaweza kungoja siku za mbalamwezi zifike, mzigo upungue sokoni na bei ipande. Bei ya dagaa ni malipo ya uwezo wa kusubiri, na uwezo huo leo uko mikononi mwa mwenye ghala Mwanza kuliko mwa mama anayeanika mchangani Musoma.

Mchanga wenyewe ni hasara ya pili. Dagaa walioanikwa chini huja na mchanga, na mnunuzi anayetaka chakula cha binadamu huwapunguzia bei au huwakataa kabisa. Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa kutoka ardhini, huruhusu hewa kupita juu na chini, hukausha haraka zaidi na huwaweka dagaa mbali na uchafu. Teknolojia hii ni rahisi na mafundi wapo kila kijiji. Inashangaza jinsi inavyokosekana mialoni, huku kila mwenye mtaji mpya akiwaza kuongeza mtumbwi na injini. Mtumbwi wa ziada bila kichanja cha ziada huongeza dagaa wa kuoza.

Ziko pia pingu za mkopo. Mvuvi huchukua mafuta, nyavu au fedha za matengenezo kwa tajiri au wakala, na hulipa kwa samaki. Bila mkopo huo mitumbwi mingi isingetoka, kwa hiyo siungi mkono wanaomwita kila wakala mnyonyaji. Hata hivyo aliyekwisha kukopa hana nafasi ya kuchagua mnunuzi, na bei ya asubuhi hiyo huamuliwa na anayemdai.

Umuhimu wa taarifa Musoma ilifundishwa kwa maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vimelea na kipindupindu, kisha mwaka 1999 kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Kosa la wachache waliovua kwa sumu liliwafungia mlango wavuvi wa nchi tatu. Viwanda vililazimika kuonyesha samaki ametoka mwalo gani, amebebwa vipi na kwa ubaridi gani. Dagaa hawajawahi kubanwa hivyo, na ndiyo maana gunia lao husafiri bila jina la mwalo wala tarehe ya kukaushwa. Mnunuzi wa mbali hana cha kumthibitishia ubora, hivyo hulipa bei ya wastani kwa mzuri na mbaya.

Usafirishaji, unaolalamikiwa kuliko yote, kwa maoni yangu si kikwazo kikuu. Kutoka Musoma lori hufika Makutano, wilayani Butiama, na hapo huchagua: kusini kupitia Bunda na Lamadi hadi Mwanza, au kaskazini kuvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi hadi Tarime na Sirari. Barabara hiyo ni ya lami. Reli haijafika Musoma, ingawa bandari yake ilijengewa gati la kupokea mabehewa ya treni kutoka kwenye meli za ziwani, na siku njia hiyo itakapofanya kazi kwa ukamilifu itapunguza gharama ya mizigo mizito. Gunia la dagaa halihitaji kungoja siku hiyo.

Sangara nao wanatoa onyo. Musoma ilikuwa na viwanda kadhaa vya minofu. Samaki walipopungua, baadhi vilifungwa na vingine vikafanya kazi chini ya uwezo. Kokoro na nyavu za macho madogo ziliudhoofisha mnyororo kutoka upande wa maji, na hakuna ghala wala ndege inayoweza kuliziba pengo hilo.

Halmashauri za ukanda wa ziwa, Musoma na Bunda zikiwemo, hukusanya ushuru wa samaki mialoni. Ninaziomba zirudishe sehemu ya ushuru huo mwaloni kwa kujenga vichanja, mapaa ya kuzuia mvua na ghala dogo linaloendeshwa na kikundi cha waanikaji wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake, chenye daftari la tarehe na mwalo kwa kila gunia. Kazi hiyo ianze msimu wa kiangazi wa Juni hadi Agosti, ili masika yajayo yakute vichanja vimesimama.