"Daktari, Naumwa Kweli!" Matiti bandia na safari ya kumpata daktari anayesikiliza

Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wengi wenu mmeliona kwenye filamu na magazeti, ila ni wachache wanaoelezwa ukweli wake: matiti bandia. Msichana anauliza, "Eti ukishawekewa, ni ya maisha?" Wavulana wanaangua kicheko. Lakini nyuma ya kicheko hicho kuna wanawake walioumwa miaka na miaka, wakazunguka kutoka kwa daktari huyu hadi kwa yule, na kila mahali wakaambiwa, "Huna kitu." Habari yao ina somo kwa kila mtu ambaye siku moja atakaa mbele ya daktari. Yaani wewe na mimi.

MATITI BANDIA NI KITU GANI?

Ni vifuko laini vilivyotengenezwa kwa silikoni. Ndani hujazwa maji ya chumvi, au ute mzito wa silikoni wenyewe. Daktari wa upasuaji huchana ngozi, kisha hukiingiza kifuko nyuma ya titi au chini ya msuli wa kifua. Wapo wanawake wanaowekewa baada ya titi kukatwa kwa sababu ya saratani. Wengine wanataka tu matiti yaonekane makubwa zaidi.

Angalizo! Usichanganye vifuko hivi na vipandikizi vya uzazi wa mpango, vile vijiti vidogo wanavyowekewa akina mama kwenye mkono. Vijiti vile vinatoa homoni ya kuzuia mimba. Ni kitu kingine kabisa.

YALIANZIA WAPI?

Operesheni ya kwanza ya matiti ya silikoni ilifanyika mwaka 1962 huko Houston, jimbo la Texas, Marekani. Walioifanya ni madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow. Wakati ule Marekani haikuwa na sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wathibitishe usalama wa kifaa kama hicho kabla ya kukiuza. Sheria ilikuja mwaka 1976, na matiti ambayo tayari yalikuwa sokoni yaliachwa yaendelee kuuzwa.

Miaka ikapita, malalamiko yakaongezeka. Wanawake walisema vifuko vimepasuka, matiti yamekuwa magumu kama jiwe, na wengine walisema mwili mzima unaumwa. Januari 1992 mkuu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, inayojulikana kama FDA, Dk. David Kessler, aliwaomba madaktari wasimamishe kuweka matiti ya ute wa silikoni. Kesi zikafurika mahakamani. Mwaka 1995 kampuni ya Dow Corning, mojawapo ya watengenezaji wakubwa, iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya mzigo wa kesi hizo.

Mwaka 1999 jopo la wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani lilitoa ripoti baada ya kupitia utafiti mwingi. Walisema hawakuona ushahidi kwamba silikoni inasababisha magonjwa makubwa ya mwili mzima, kama vile lupasi. Lakini walikubali kwamba matatizo ya palepale kifuani ni ya kweli na hutokea mara nyingi: kupasuka, kukakamaa, maumivu na operesheni za kurudia. Mwaka 2006 FDA iliruhusu tena matiti ya ute wa silikoni kwa wanawake wote wenye umri wa miaka 22 na kuendelea. Ya maji ya chumvi yanaruhusiwa kuanzia miaka 18. Aliyekatwa titi anaweza kuwekewa kwa umri wowote.

HATARI ZINAZOJULIKANA

Sasa tujibu lile swali: ni ya maisha? Hapana. FDA yenyewe inasema matiti bandia si kifaa cha kudumu maisha yote. Kadiri yanavyokaa mwilini ndivyo uwezekano wa matatizo unavyoongezeka. Ukiwekewa kijana, tegemea kupasuliwa tena.

Mwili ukiingiziwa kitu kigeni hukizungushia gamba la kovu. Kwa wengine gamba hilo hukaza, likabana kifuko, na titi likauma. Kifuko cha maji kikipasuka titi husinyaa, utajua. Kifuko cha ute kikipasuka unaweza usijue kabisa. Ndiyo maana FDA inashauri mwenye matiti ya ute apigwe picha ya ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya operesheni, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3.

Kuna pia saratani adimu ya kinga ya mwili, aina ya limfoma, inayoota kwenye gamba hilo. Siyo saratani ya titi. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba ghafla, miaka kadhaa baada ya operesheni. Hadi Julai 2019 FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani, na 33 kati yao walifariki. Wengi walikuwa na vifuko vyenye ngozi ya kukwaruza, vilivyotengenezwa na kampuni ya Allergan. Mwezi huohuo kampuni hiyo iliviondoa sokoni duniani kote.

Na huko Ufaransa kulikuwa na udanganyifu wa wazi. Kampuni ya PIP ilijaza vifuko silikoni ya viwandani badala ya ile ya hospitali. Iligundulika mwaka 2010, na mwaka 2013 mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4.

UGONJWA USIO NA KIPIMO

Mpaka hapo kuna kitu cha kuonyesha: picha, uvimbe, kifuko kilichopasuka. Kazi ngumu inaanza pale mwanamke anapokuja na haya: uchovu usioisha hata akilala, viungo kuuma, kusahausahau, nywele kunyonyoka, vipele, macho kukauka, usingizi kukimbia. Kila dalili kati ya hizi inaweza kuletwa na mambo mengine mengi: upungufu wa damu, tezi ya shingo, lupasi, sonona, hata kukoma hedhi. Na hakuna kipimo hata kimoja cha damu au picha kinachoweza kusema, "Naam, haya yametokana na matiti bandia."

Basi nini kilitokea? Madaktari wengi walipoona vipimo viko sawa walihitimisha kwamba mgonjwa hana ugonjwa. Hapo ndipo kosa lilipo. Kutokuwa na kipimo siyo sawa na kutokuwa na ugonjwa. Mtu anaweza kuumwa kweli, na wakati huohuo sababu isijulikane. Lakini upande wa pili nao ni kweli: kwa kuwa umeumwa baada ya kuwekewa matiti, haina maana moja kwa moja kwamba matiti ndiyo chanzo. Yote mawili yashike pamoja.

Wanawake hawakunyamaza. Machi 2019 walisimama mbele ya kikao cha wataalamu wa FDA, wakaeleza wenyewe waliyopitia. Baadhi walisema walipata nafuu baada ya vifuko kutolewa. Oktoba 2021 FDA iliamuru vifuko vyote viwe na onyo zito ndani ya kisanduku. Onyo hilo linataja pia kwamba baadhi ya wanawake wamepata dalili za mwili mzima. Zaidi ya hapo, daktari sharti apitie orodha ya hatari pamoja na mgonjwa, na mgonjwa atie saini, kabla ya operesheni. Wanasayansi bado wanachunguza chanzo. Lakini angalau leo mgonjwa akisema, kuna karatasi inayomuunga mkono.

DAKTARI ANAYEELEWA YUKOJE?

Tuchukue mfano. Mgonjwa ni mmoja, madaktari ni wawili.

Mgonjwa: Daktari, tangu niwekewe matiti haya nimekuwa mtu wa kuchoka tu. Viungo vinauma. Nasahau hata niliyotumwa dukani.
Daktari wa kwanza: Aa, dada, hayo ni mawazo. Vipimo vyako safi kabisa. Nenda kapumzike.

Sasa msikilize wa pili.

Daktari wa pili: Pole sana, dada. Ilianza lini? Ulikuwa na shida yoyote kabla ya operesheni? Nikwambie ukweli, sina kipimo kimoja cha kunionyesha kama ni matiti au siyo. Lakini tutapima damu na tezi, tutaangalia viungo, na tutapiga picha ya kifua. Rudi wiki ijayo, tuzungumze hatua inayofuata.

Umeona? Kwa habari ya chanzo, wote wawili hawajui. Tofauti ni kwamba wa pili amekubali kuwa hajui, na hajamwacha mgonjwa peke yake. Daktari anayeelewa siyo lazima akubaliane na kila unachosema. Ni yule anayeuliza, anayepima, anayeeleza, na anayekuambia urudi.

JINSI YA KUMPATA

Hatua hizi zinamfaa mwanamke mwenye matiti bandia. Lakini hata wewe mwenye kichwa au tumbo lisiloeleweka, zitakusaidia:

1. Andika dalili zako kwenye daftari: tarehe, nini kinauma, kwa muda gani, nini kinaongeza, nini kinapunguza. Daktari ana dakika chache. Daftari linaongea haraka kuliko kumbukumbu.

2. Beba karatasi zako. Aliyewekewa matiti anapaswa kuwa na kadi yenye jina la kampuni, aina ya kifuko na namba yake. Kama hana, aombe nakala ya rekodi kwenye hospitali aliyofanyiwa operesheni.

3. Nenda na mtu unayemwamini, dada, mama au rafiki. Mgonjwa mwenye hofu husikia nusu tu ya anayoambiwa.

4. Anza na daktari wa kawaida, magonjwa mengine yatafutwe kwanza. Ikibidi, omba rufaa kwa bingwa wa viungo na kinga ya mwili.

5. Uliza wazi: "Unadhani ni nini? Nini kingine kinaweza kuwa? Tusipofanya kitu, itakuwaje?" Kuuliza siyo ukosefu wa adabu.

6. Ukipuuzwa, tafuta daktari mwingine. Ni haki yako. Hasa kama aliyekuwekea kifuko ndiye unayemuuliza kama kifuko kina ubaya, si vibaya kupata maoni ya mtu wa pili.

7. Kama unafikiria kuvitoa, muulize mpasuaji: amefanya operesheni ngapi za kutoa? Gamba atalitoa au ataliacha, na kwa nini? Hatari zake ni zipi? Gharama je? Na mpasuaji mkweli atakwambia kwamba nafuu haina uhakika.

TAHADHARI: USIKIMBIE MVUA UKAINGIA MTONI

Mtu aliyechoka kupuuzwa ni rahisi kudanganywa. Anakuja mtu na maneno matamu: "Mimi nakuamini, sumu yote nitaitoa," kisha anakuuzia vidonge na dawa za kusafisha mwili kwa bei ya kutisha. Kuaminiwa ni kuzuri, lakini siyo tiba. Anayekuahidi kupona asilimia mia moja bila kukupima, huyo naye hajakusikiliza. Amesikiliza pochi yako.

HII INATUHUSU NINI SISI?

Huenda hakuna darasani kwenu mwenye matiti bandia. Lakini biashara ya kubadilisha maumbile imeshafika kwetu. Mitaani kuna krimu na vidonge eti vya kukuza matiti na makalio, na watu wanaojiita madaktari wakati hawana hata cheti. Kabla hujamkabidhi mtu mwili wako, hakikisha amesajiliwa. Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya lipo baraza lao la madaktari, na nchi jirani zina vyombo vyao.

Na wewe dada uliyeko sekondari, matiti yako huenda bado yanakua. Ukubwa hutofautiana, hata la kushoto na la kulia mara nyingi hayalingani. Huo siyo ugonjwa. Na wewe kaka, ule utani wako wa "mbao" na "embe" unaweza kumsukuma mtu kwenye kisu. Fikiria kabla hujacheka.

Wapo pia kati yenu wanaoota kuwa madaktari na wauguzi. Tunawaombea mfaulu. Siku mgonjwa atakapokaa mbele yako na vipimo viko safi lakini machozi yanamtoka, usimwambie hana kitu. Mwambie, "Bado sijajua, lakini tutatafuta."

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KLABU YA AFYA

1. Kuna tofauti gani kati ya "sijui unaumwa nini" na "huumwi"?
2. Kwa nini wanawake huambiwa "ni mawazo tu"? Je, wanaume nao huambiwa hivyo?
3. Igizeni: mgonjwa, daktari mwenye haraka na rafiki aliyemsindikiza mgonjwa. Rafiki afanye nini?
4. Nani anafaidika tunapoamini kwamba mwili wetu una kasoro?