Ngoma, Rangi na Haki Chini ya Mlima Meru

Kwa Wameru wa Tengeru, msiba haukaliwi kimya. Kwaya ya usharika huja kuimba na wafiwa, akina mama hupokezana nyimbo huku wakimenya ndizi, na wazee wa ukoo husimulia maisha ya marehemu watoto wake wakisikia. Harusi ina nyimbo zake, jando lina zake. Mtoto wa huku hukua akijua kwamba jambo zito halibebwi na mtu mmoja, na kwamba wimbo ndio unaowakusanya wabebaji.

Desturi hiyo ina kazi kubwa katika ardhi iliyoona watu wengi waking'olewa makwao. Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo hadi leo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi. Wananchi walichanga fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuisema dhuluma hiyo. Ardhi haikurudishwa kwa hotuba ile, lakini dunia ilisikia.

Ukitoka Tengeru kwa barabara ya Moshi na kuipita Usa River, unafika Imbaseni. Hapo ndipo Wamarekani Weusi wawili, Pete O'Neal na mkewe Charlotte, walipoweka makazi. Walikuwa wanachama wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Weusi, huko Kansas City. Pete alihukumiwa kifungo kwa kesi ya bunduki, wakaikimbia Marekani, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania. Mwaka 1991 walianzisha kituo cha jamii, United African Alliance Community Center, ambako vijana wa jirani wamejifunza lugha, kompyuta, uchoraji na muziki bila ada. Kuta zake zimepambwa kwa michoro ya wapigania ukombozi wa Weusi.

Charlotte, ambaye watu humwita Mama C, ni mshairi, mchoraji na mwanamuziki. Hupiga nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Kumwita mgeni Mama ni heshima inayokuja na wajibu: mama wa mji hulea, husikiliza na hukemea. Ugenini, sanaa yake imepata watoto wa kuirithi.

Imbaseni pia ilimpa utulivu mwenzao wa Black Panther, Geronimo ji Jaga Pratt, aliyekaa gerezani Marekani miaka 27 kwa hukumu ya mauaji iliyobatilishwa mwaka 1997. Alifariki hapo Juni 2011. Mahakama ilimfungulia mlango, lakini miaka ile haikuwa na wa kuirudisha. Mtu wa namna hiyo anahitaji majirani wanaojua kuketi na uchungu wa mwenzao.

Ndiyo maana kuponya na kudai haki ni kazi moja. Aliyenyang'anywa shamba, au binti aliyeonewa, akifarijiwa tu bila dhuluma kutajwa, amenyamazishwa kwa upole. Akipewa jukwaa la kudai bila watu wa kumshika mkono, atachoka. Wimbo, igizo na mchoro huyakutanisha hayo mawili: uchungu unatajwa mbele ya watu, na watu hao hao wanaitikia. Anayeitikia kibwagizo amekwisha kuwa shahidi.

Tengeru ina chuo kinachofundisha maofisa maendeleo ya jamii. Ofisa anayekwenda kijijini kusuluhisha ugomvi wa mipaka au wa mirathi aanze kwa kuuliza nani hapa anaimba, nani anaigiza, nani anachora. Awape hao nafasi katika mkutano wa kijiji, kila mkutano, kabla ya hotuba. Wanakijiji watasema kwa ngoma mambo ambayo dodoso halijawahi kuwauliza, na watayasema wakiwa pamoja.