Kitabu Kisichotahiniwa, Nani Atakichapisha?

Siku moja muhula uliopita nilikuwa maktabani nimezama katika Musaleo!, riwaya ya Profesa Kyallo Wadi Wamitila. Rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu akanijia kwa nyuma, akakigeuza kitabu atazame jalada, kisha akaniuliza:

"We, hiki kinatahiniwa?"

"La," nikamjibu.

"Sasa unakisomea nini?"

Mpenzi msomaji, sikumkasirikia. Nani kati yetu hajawahi kuuliza hivyo? Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na nilipolichunguza nikagundua kwamba silo la rafiki yangu peke yake. Ndilo swali ambalo wachapishaji wengi wa nchi hii hujiuliza mwandishi anapowapelekea mswada. Hiki kitatahiniwa? Jibu likiwa la, mswada hurudi kwa mwenyewe au hulala katika mtoto wa meza miaka na mikaka. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini mambo yako hivyo, na kuwataja watu wachache waliothubutu kufanya kinyume.

Kwanza tusichanganye mpiga chapa na mchapishaji. Mpiga chapa ana mitambo. Ukimpa kazi na pesa, anakupigia nakala, mmemalizana. Mchapishaji ndiye anayeusoma mswada, anaukubali au kuukataa, anamlipa mhariri, anamtafuta mchora jalada, anagharamia chapa, halafu anaanza kuhangaika na wanunuzi. Hasara ikitokea ni yake.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kuhariri, kupanga kurasa, kutengeneza mabamba ya chapa na kuutega mtambo hugharimu kiasi kilekile, utake nakala 300 au 5,000. Kwa hiyo ukipiga nyingi, gharama hugawanyika na kila nakala inakuwa rahisi. Ukipiga chache, kila nakala inabeba mzigo mzito. Tuseme kitabu kimewekwa bei ya shilingi 500. Mwenye duka atakata fungu lake, pengine theluthi nzima. Mwandishi naye ana mrabaha wake, ambao mara nyingi ni kama asilimia 10. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliongeza asilimia 16 juu ya vitabu. Karatasi nazo si rahisi, hasa baada ya kiwanda cha Pan Paper pale Webuye kufungwa mwaka 2009. Kinachobaki ndicho cha kumlipa mhariri, mchoraji, mpiga chapa na kodi ya ofisi. Na si ajabu kinachobaki kiwe bado kiko dukani, kwa maana wenye maduka hupenda kuchukua vitabu kwa mali kauli: wakiuza ndipo walipe, wasipouza wanakurudishia vimeshapauka kwa jua la dirishani.

Hapo ndipo kitabu teule kinapoingia kama mjomba tajiri. Riwaya ikishachaguliwa kutahiniwa, shule nchi nzima zinaihitaji kwa wakati mmoja. Mchapishaji hana haja ya kuitangaza. Ndiyo maana kampuni kubwa hukimbilia vitabu vya kiada na vitabu teule, na kwa kweli siwalaumu, maana wana mishahara ya kulipa. Hata hivyo mjomba huyu ana tabia yake. Orodha ikibadilishwa, kitabu kilichokuwa mikononi mwa kila mwanafunzi utakikuta kando ya barabara jijini, kimetandazwa kwenye gunia pamoja na vitabu kuukuu vya hesabu.

Maduka nayo yalipata pigo lao. Wizara ya Elimu ilipoanza kununua vitabu vya kiada yenyewe na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, mwaka 2018, sisi wanafunzi tulifaidika, maana zamani kitabu kimoja kilisomwa na watu watano. Lakini duka la vitabu la mji mdogo lilikuwa likiishi kwa wazazi wa mwezi wa Januari. Wazazi hao walipokosa haja ya kuja, rafu ya riwaya na mashairi ilikosa wa kuibeba.

Basi, katika hali kama hiyo, ni nani huchapisha kitabu kisichotahiniwa?

Mtu ambaye habari zake zilinishangaza kuliko wote ni marehemu Gakaara wa Wanjau wa Nyeri. Alizaliwa mwaka 1921, akasoma Alliance hadi alipofukuzwa kwa sababu ya mgomo, akawa askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi hakungoja mchapishaji yeyote amwonee huruma. Mwaka 1946 alitoa kijitabu chake cha kwanza kwa Kikikuyu, Uhoro wa Ugurani, kuhusu mambo ya uchumba na ndoa. Baada ya hapo vijitabu vikafuatana: hadithi, nyimbo, siasa. Kimoja kati ya vile vya siasa alikiandika kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa miongoni mwa waliokamatwa, na miaka yote iliyosalia ya muongo ule karibu iliishia kizuizini.

Wengi wetu tungetoka huko tukitafuta shamba na amani. Yeye alikwenda Karatina akaweka kiwanda chake kidogo cha chapa. Alikuwa mwandishi, mhariri, mpiga chapa na muuzaji, yote pamoja. Visa vya mhusika wake Wa-Nduuta vilisomwa na watu ambao hawajaingia duka la vitabu hata siku moja. Vilikuwa vijitabu vyembamba vya bei nafuu, na hakuna aliyekuwa akiuliza kama vitatahiniwa. Kitabu kilichomletea sifa ya dunia kilitokana na shajara aliyoiandika kwa siri kizuizini, Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini. Kilichapishwa mwaka 1983 na Heinemann ya Nairobi, na mwaka 1984 kikapata Tuzo ya Noma, tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Mzee Gakaara aliaga dunia mwaka 2001.

Aliyekiingiza kitabu hicho katika orodha ya Heinemann ni Henry Chakava, na huyu naye ana kisa. Alijiunga na kampuni hiyo mwaka 1972, ilipokuwa tawi la Waingereza. Mwaka 1980 alichapisha riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Caitaani Mutharaba-ini, ambayo Ngugi aliiandika akiwa kizuizini. Chakava alipigiwa simu za vitisho. Kisha akavamiwa na watu wenye silaha, akajeruhiwa vibaya kidoleni. Kitabu akakitoa vilevile. Je, kilioza bohari kwa kuwa hakikuwa cha mtihani, tena kwa lugha ya kienyeji? La hasha! Katika mwaka ule wa kwanza ziliuzwa zaidi ya nakala 10,000. Ngugi mwenyewe amesimulia jinsi kilivyosomwa kwa sauti majumbani, matatuni na hata vilabuni: msomaji alikuwa akifika mahali patamu anakiweka kitabu chini mpaka gilasi yake ijazwe tena. (Walimu wetu, simpendekezi msomaji huyo kwa mashindano yetu ya ulumbi.) Mwaka 1982 kikaja kwa Kiswahili, Shetani Msalabani. Chakava alisaidia kuitoa kampuni mikononi mwa Waingereza, na tangu 1992 inaitwa East African Educational Publishers. Alifariki mwaka 2024.

Ukitaka ushahidi mwingine kwamba wasomaji wapo, mtazame David Maillu. Mwaka 1972 alianzisha Comb Books akachapisha vitabu vyake mwenyewe, vidogo vya kutia mfukoni, kuhusu makarani, pombe na mapenzi ya mjini. Wataalamu walivikunjia uso. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Lakini viliuzwa maelfu kwa maelfu, kwa watu walioambiwa siku zote kwamba Mwafrika hasomi. Comb Books haikumaliza muongo ule ikiwa imesimama. Mimi binafsi sidhani vyote vilikuwa vitabu vizuri, ila nadhani Maillu alijua jambo ambalo kampuni kubwa hazikulijua.

Na sisi wa Kiswahili? Tuna historia ya vijikaratasi kabla ya vitabu. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? uliosambazwa kwa siri. Karatasi chache tu zilimgharimu miaka mitatu gerezani. Mashairi aliyoyatunga humo yalikuja kuwa Sauti ya Dhiki, mwaka 1973, yakitolewa na kampuni kubwa ya kigeni. Hata neno "mwakenya", tunaloliita karatasi ya kuibia mtihani (mnajifanya hamlijui?), lilitokana na chama cha siri cha miaka ya 1980 kilichokuwa kikisambaza maandishi yake kwa kificho.

Ng'ambo ya mpaka, Walter Bgoya aliliongoza Shirika la Uchapishaji la Tanzania tangu 1972, kisha mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota huko Dar es Salaam, kampuni yake huru. Baadhi ya kazi za Shaaban Robert tunazipata leo kwa sababu kampuni kama hiyo ilikubali kuzichapisha upya. Hapa Nairobi Profesa Wamitila aliamua kutongoja mtu; Musaleo!, kile kitabu kilicholeta mjadala wa maktabani, kilitoka mwaka 2004 na Vide-Muwa, kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Kwa upande wa Kiingereza na Sheng kulitokea jarida la Kwani?, lililoanzishwa mwaka 2003 na Binyavanga Wainaina na wenzake. Lilifungua mlango kwa waandishi wengi chipukizi, lakini lilitegemea sana wafadhili, na tegemeo hilo lina hatari yake: mfadhili akibadili mawazo, jarida halina wa kumlilia. Ukitazama vizuri utaona wote hawa waliziba pengo lilelile kwa njia tofauti. Gakaara alitegemea mikono yake, Chakava alitumia faida ya vitabu vya shule kuvibeba vile visivyo na faida, Maillu alitegemea soko la mtaani. Njia ya Chakava ndiyo iliyodumu zaidi, na inaniudhi kidogo kukiri hivyo, kwa sababu maana yake ni kwamba mjomba tajiri bado yumo.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika chama chetu. Mlezi wetu amewahi kunionyesha toleo la zamani la jarida hili, lililopigwa kwa taipureta juu ya stensili, wino umetapakaa, kurasa zimeshikanishwa kwa pini zilizoota kutu. Siku hizi tunakwenda kwa mpiga chapa mjini. Mwaka jana huyo tuliyemwendea, jina lake nalisitiri, alituletea nakala 200 zenye kurasa nane zilizopinduliwa juu chini. Tulipolalamika akasema, "Si mtaligeuza tu mkifika hapo?" Tulimlipa shilingi 19,000. Nakala tuliziuza kwa shilingi 100, zikanunuliwa 139. Aliye hodari wa hesabu ameshaona: tulipungukiwa na shilingi 5,100, na tuliziziba kwa kuuza maandazi siku ya michezo.

Kwa sababu hiyo, katika mkutano wa chama wa mwezi wa Februari, ilitolewa hoja kwamba mwaka huu tuache mashairi na hadithi za wanafunzi, tujaze maswali na majibu ya vitabu teule. Litauzika kama njugu, mtoa hoja alisema, na alisema kweli. Mimi nilisimama nikapinga. Nilieleza kwamba majibu ya maswali yamejaa madukani, lakini shairi la yule dada wa kidato cha pili kuhusu kisima cha kwao kilichokauka halipo duniani pengine popote ila katika daftari lake. Kama sisi hatutalichapisha, Nairobi haitakuja kulitafuta. Mwenzangu mmoja akanijibu vizuri pia: "Na nani atalinunua?"

Kura zikawa 17 kwa 14. Hoja ilishindwa, ndiyo maana ukifunua ukurasa unaofuata utakutana na kisima. Lakini itarudi mwakani, na wenzetu wale wameshatuambia kwamba watakuja na daftari la mauzo mkononi. Zile nakala 61 za mwaka jana ziko katika kabati la chumba cha walimu, na ufunguo anao mlezi. Tumezipunguza bei hadi shilingi 50. Kurasa za kugeuza ni kuanzia 17 hadi 24.